Sheria ya Maktaba Iliyotoka Joshoni

Muthama wa Kivuva alikuwa na kazi mbili, moja ya kwenye karatasi na nyingine ya kweli. Kwenye karatasi alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe, lile shimo la maji ya dawa ya kuulia kupe, upande wa Kanyangi. Kazi ya kweli ilikuwa kutunza maktaba ya soko la Kyasila, na kwa kazi hiyo hakuna karatasi yoyote duniani iliyomtambua.

Mambo yalianza mwaka ule wa ukame, sabini na nne kwenda sabini na tano. Josho lilikauka hadi vyura wakahama. Ng'ombe nao, wale ambao hawakufa, walikuwa wamekonda kiasi kwamba hata kupe waliwahurumia. Muthama akawa anakwenda kazini kila asubuhi kulinda shimo tupu. Wakati huohuo wafadhili fulani wakaliletea baraza la mji mdogo wa Kyasila masanduku tisa ya vitabu. Madiwani walipiga picha nayo, wakatoa hotuba, wakayafungia kwenye ghala la zamani la pamba, wakaenda zao kula nyama.

Karani wa baraza, Bwana Abubakar Faki, mtu wa Kitui mjini ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa akabaki, ndiye aliyeona aibu. Alipekua makadirio ya fedha mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na kifungu cha mfagia soko, cha mshika mbwa, hata cha mtu wa kupaka chokaa mawe ya barabarani anapokuja mgeni. Cha mtu wa vitabu hakikuwepo.

"Mzee Muthama," alisema, "sheria hainipi mtu wa vitabu. Inanipa mtu wa josho, na josho halina maji. Chukua ufunguo."

"Bwana Karani, mimi niliacha shule darasa la nne."

"Kwani vitabu vitakuuliza?"

Muthama akachukua ufunguo.

Sasa, mtu hufanya kazi kwa namna anayoijua, na Muthama alijua namna moja tu ya kuhudumia umati. Alichimbia nguzo mbele ya ghala, akafunga kamba pande mbili, akatengeneza njia pana inayozidi kuwa nyembamba kadiri unavyoukaribia mlango, mpaka mwishoni watu wanapita mmoja mmoja. Msomaji aliingia mlango wa mbele na kutoka mlango wa nyuma. Kurudi kinyumenyume ilikuwa marufuku. Kila kijiji kilikuwa na siku yake, na wewe wa Jumanne ukijitokeza Jumatano unarudishwa kwenu hata kama umetembea maili sita. Kila anayepita aliandikiwa mstari wa chaki ukutani. Na msiniulize kama watu walilalamika. Walikuwa wameswaga ng'ombe kwa utaratibu huo zaidi ya miaka kumi, na wao wenyewe wakajiona wametendewa haki.

Halafu wakaja mchwa. Mchwa wa Ukambani hawana dharau, wanakula mlango na kalenda kwa hamu ileile. Walipomaliza nusu ya kitabu kinene cha historia ya Ulaya, Muthama alitwaa dawa ya kupe iliyobaki joshoni akaipaka miguu ya rafu zote na ukuta mpaka kiunoni. Mchwa walikoma. Lakini harufu! Mtu akisoma saa moja tu, mbu walimkwepa hadi Jumapili. Kanisani mhubiri aliweza kujua, akiwa mimbarini, ni benchi gani lina wasomaji. Kalondu, mkewe Muthama, alimtengea mumewe kiti nje ya nyumba.

"Baba Mumbua, kaa huko," alimwambia. "Hata kuku wamekataa kulala."

Pamoja na hayo watu walikuja, na Muthama akaipenda ile kazi kuliko alivyokuwa amependa kitu chochote, ukiondoa Kalondu, na hata hapo zipo siku alisitasita. Yeye mwenyewe alisoma taratibu, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Mama mmoja aitwaye Mbinya, aliyejifunza kusoma uzeeni katika madarasa ya gumbaru, alikuwa akija kila Jumanne kwa kitabu cha ufugaji wa kuku. Siku moja alipita njia ya kamba akiwa hana haja ya kitabu. Mkononi alikuwa na barua.

"Ni ya kijana wangu wa Mombasa," alisema. "Miaka yote nasomewa na watu, na wao wanaruka pale ambapo anaomba msamaha. Leo nimejisomea. Kumbe huwa anaomba msamaha!"

Muthama alimwandikia mstari wake wa chaki, akageukia ukuta, akakaa hivyo kwa muda akisingizia kwamba dawa imemuingia machoni.

Miaka sita ilipita hivyo. Ndipo akaja mkaguzi kutoka Nairobi, kijana wa tai nyembamba, mwenye kutaka kila jina la kwenye orodha limwoneshe mtu, na kila mtu amwoneshe kazi yake.

"Mhudumu wa josho yuko wapi?"

"Maktabani," akajibu Abubakar.

"Anafanya nini huko?"

Abubakar akaagiza chai ya mgeni.

Ripoti ilikuwa fupi na haikuwa na huruma. Maktaba ya Kyasila, kisheria, haikuwepo. Ama baraza lipitishe sheria ndogo ya kuianzisha, yenye kifungu chake cha fedha na mfanyakazi wake, kabla ya mwisho wa Juni, ama jengo lifungwe na litumiwe kwa shughuli nyingine.

Shughuli nyingine ilikuwa imeshapatikana. Diwani Kisilu alikuwa na bucha iliyopakana na ghala lile, na kwa muda mrefu wateja wake walikuwa wakila nyama choma wamesimama juani. Yeye alishaliona ghala likiwa baa, viti vimepangwa na kreti za bia zimejaa palipo na rafu. Alianza hata kupita pale jioni akipima kwa hatua.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Wakili angehitaji miezi, na ada ambayo baraza halikuwa nayo. Abubakar akatoa kabatini nakala ya Kiswahili ya sheria ndogo ya josho, ya mwaka sitini na tatu, ambayo ilishakubaliwa hadi wizarani.

"Hii ina mifupa yote," alimwambia Muthama. "Mahali, mhudumu, siku, faini. Mimi kesho ni Idi, ninakwenda Kitui kwa watu wangu. Wewe kaa nayo. Kila palipo na josho, andika maktaba. Kila palipo na ng'ombe, andika msomaji. Ukimaliza mpe mpiga chapa."

Angemwambia na atumie akili, mambo yangekuwa mengine. Lakini Muthama alikuwa mtumishi mwaminifu. Alikaa siku mbili na kalamu nyekundu, hakuruka ng'ombe hata mmoja.

Ijumaa chumba cha baraza kilijaa. Madiwani kumi na watano walizunguka meza, mwenyekiti Mzee Nzomo akiwa amekaa kichwani na bakora yake. Muthama alipewa kigoda karibu na mlango. Abubakar, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo na biriani ya Idi bado tumboni, alisimama akasoma utangulizi wa sheria kwa Kiingereza. Madiwani walitikisa vichwa kwa heshima na wawili wakasinzia. Kisha, kama ilivyo desturi, akasoma vifungu vyenyewe kwa Kiswahili, na hapo ndipo wote walipoamka.

"Kifungu cha tatu. Kila mwenye boma atawaleta wasomaji wake wote maktabani mara moja kwa wiki, akiwaswaga polepole bila kuwachapa."

Vichwa vikageukiana.

"Kifungu cha tano. Msomaji atazamishwa maktabani mwili mzima, na kichwa mara mbili."

Mtu mmoja akakohoa. Abubakar alikuwa ameshaelewa, lakini karani akianza kusoma mbele ya baraza hana ruhusa ya kukatiza. Akaendelea.

"Kifungu cha saba. Wasomaji wenye mimba kubwa, na walio chini ya miezi mitatu, wamesamehewa. Kifungu cha tisa. Msomaji akifa ndani ya siku saba baada ya kutoka maktabani, habari zipelekwe kwa daktari wa mifugo, na nyama yake isiliwe."

Chumba kililipuka. Diwani wa Matinyani alianguka kutoka kitini na hakuona haja ya kurudi. Muthama pale mlangoni alitamani sakafu ipasuke. Miaka sita yote, na sasa yeye mwenyewe, kwa mkono wake na kwa wino mwekundu, ameiua.

Kisilu akasimama. "Waheshimiwa, mmesikia. Hii si sheria, hii ni bucha! Na mambo ya bucha mimi ndiye naelewa. Hebu tupige kura tumalize, watu wako na njaa."

"Kaa chini kwanza, Kisilu," alisema Mzee Nzomo akijifuta machozi. "Mimi sijacheka hivi tangu uhuru. Hiyo ya tatu ina ubaya gani? Kila boma ilete watu mara moja kwa wiki. Watoto wetu wako kwa disko kila siku, hakuna mtu anawaswaga. Toa tu hayo maneno ya kuchapa, ingine ibaki."

"Na hiyo ya kuzamishwa?" aliuliza mwingine.

"Toa. Andika wasome."

Kicheko kina kazi yake. Madiwani waliokuja tayari kuinua mikono na kwenda kula walijikuta wanaitengeneza ile sheria wenyewe, kifungu baada ya kifungu, kila mmoja akitaka lake liingie. Waliondoa mimba, wakamwondoa daktari wa mifugo, wakaongeza fedha za rafu na za vitabu vipya kila mwaka. Saa tisa alasiri sheria ilikuwa imepata sura ya binadamu. Kisilu alihesabu nyuso mezani akaona zinamkimbia. Alikuwa na watu wake watano tu, ila aliwajua wengine watatu ambao wangefuata upepo.

Akasimama tena, safari hii kwa upole wa kutisha.

"Mimi sipingi maendeleo. Naomba kitu moja tu. Kama ni maktaba ya sheria, iwe na mtu wa sheria. Tuandike kwamba mfanyakazi awe na cheti cha kidato cha nne, na cha kusomea hiyo kazi ya maktaba. Mkiandika hivyo, mimi na watu wangu tunaunga mkono."

Kisha akamgeukia Muthama, akatabasamu. Kyasila nzima ilijua Muthama aliishia darasa la nne. Kisilu alikuwa na hakika ya jambo moja: hakuna mtu atakayekubali kujichimbia kaburi. Muthama atapinga, marafiki zake watapinga naye, kikao kitavunjika, na Juni itafika.

Mzee Nzomo akamwelekezea Muthama bakora yake. "Muthama, hii kazi ni wewe unaijua. Unasema aje?"

Muthama alisimama. Aliona karo ya binti yake Mumbua, aliyekuwa ndiyo kwanza yuko kidato cha pili. Aliona lile josho la Kanyangi, ambalo sasa lilikuwa na ufa unaopitisha mkono. Hasira ikampanda, si kwa Kisilu peke yake, bali kwa darasa la tano ambalo baba yake hakuweza kulilipia. Angetamani kusema kwamba yeye anajua ni mzee gani asipewe kitabu chenye maandishi madogo, na kwamba hakuna cheti kinachofundisha hayo. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli isiyomsaidia Mbinya.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nililetwa hapa na neno la karani, na kwa neno mtu anaweza kunitoa siku yoyote. Mwenye cheti, na kifungu, na sheria, si mtu wa kutolewa hivyo. Andikeni."

"Unajua unasema nini?" aliuliza Kisilu, tabasamu limemtoka.

"Najua. Andikeni, mheshimiwa."

Ikaandikwa. Kisilu hakuwa na pa kukimbilia, kwani neno lake lilikuwa limeshaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Mikono kumi na mitano iliinuka, wa kwake ukiwa wa mwisho na mfupi kuliko yote.

Nyumbani Kalondu alisikiliza habari yote huku akichambua maharagwe.

"Yaani umetengeneza sheria ya kujifuta kazi."

"Ndiyo, Mama Mumbua."

"Na wewe ukasema andikeni."

"Nikasema."

Kalondu alitupa kijiwe nje. "Wanaume wengine huleta nyama kutoka mkutano," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. Usiku ule hakumtengea kiti cha nje. Muthama alilia kidogo, naye akajifanya hakusikia.

Mfanyakazi mpya alifika Septemba, sheria ikiwa imerudi kutoka wizarani na mhuri wake. Aliitwa Ndinda, msichana mrefu mwenye miwani, na vyeti vyake vilikuwa ndani ya bahasha ya nailoni. Muthama, aliyekuwa amerudishwa joshoni kwa mshahara uleule hadi ufa uzibwe au baraza limkumbuke, aliomba ruhusa siku ile akaenda kumsubiri stendi tangu asubuhi, amevaa shati la kanisani. Basi lilipofika alimsalimia, akambebea sanduku lake la bati begani, akatangulia kumwonesha njia ya ghala.

Walipita mbele ya bucha. Kisilu alikuwa mlangoni na kisu chake.

"Haiya, Muthama! Kumbe siku hizi unabebea watu mizigo? Na huyo ni nani?"

Muthama hakutaka kujibu akiwa ameinama. Alilitua sanduku chini taratibu, akanyoosha mgongo, akaivuta kola ya shati ikae sawa.

"Huyu ni mfanyakazi wa maktaba," alisema kwa sauti ambayo hata wauza nyanya ng'ambo ya barabara waliisikia. "Ameandikwa kwa sheria. Kifungu chake kipo na mshahara wake upo. Huyu, mheshimiwa, huwezi kumtoa."

Kisha akalinyanyua sanduku, wakaendelea na safari.