Kitenge cha Mama Agathe

Mama Agathe anafundisha watoto wasioona kutembea na fimbo nyeupe, hapa kwetu Kisangani, na yeye mwenyewe haoni hata kidogo. Mimi Josée nauza karanga na kwanga, ile mikate ya muhogo, sokoni karibu na shule yao, kwa hiyo namjua kuliko padri anayemuungamisha. Anakula karanga zangu bila kuomba. Watu wa pikipiki anawatukana kwa majina, kila mmoja, maana anawatambua kwa mlio wa mashine. Utamfanya nini?

Ana sheria yake, mkurugenzi amechoka kuikataza. Mzazi akija kumtoa mtoto shuleni kabisa, kwanza afungwe macho kwa kitenge, aongozwe na mtoto huyo mpaka sokoni. Hutaki? Mama Agathe anasimama mlangoni, na mwili anao.

Mwezi uliopita akaja papa Benoît kutoka Banalia, na begi tupu la kubebea nguo za binti yake. Alikuwa amesikia Naomie alitumbukia kwenye mtaro.

"Mutoto yangu atarudia kukaa nyumbani," akasema.

Naomie akalia sana. Alijua kukaa huko ni kukaa kweli, kwenye mkeka, mpaka azeeke.

"Bon, papa," akasema Mama Agathe. "Akijikwaa hata mara moja, utamubeba. Lakini kwanza kitenge."

Nikawaona wanakuja, baba kashika bega la binti, ananyanyua magoti kama kuku kwenye matope.

"Naomie, pikipiki! Iko pikipiki!"

"Papa, ile ni mbuzi."

Soko zima likacheka, na mimi sikubaki nyuma. Wakafika mezani kwangu bila kujikwaa. Naomie akamshikisha baba yake kwanga ya moto.

"Tumefika, papa. Sali Baba Yetu mpaka mwisho, alafu fungua."

Uso ule wa Naomie naujua, ndio wa wanangu wakitoka kuiba sukari. Baba kufika kwenye mkate wa kila siku, mtoto alishavuka barabara peke yake.

Papa Benoît akafungua kitenge. "Mutoto yangu iko wapi?"

"Ameenda shule," nikamjibu.

"Na nani?"

"Na fimbo."

Maskini, akatimua mbio, akaelekea mtoni. Akarudi anatoka jasho, akapotelea upande wa vitenge, akarudi tena kwangu.

"Mama, shule iko wapi?"

"Ungemuuliza Naomie," nikamwambia, halafu nikamwonea huruma, nikamwonyesha njia.

Mama Agathe naye alikuwa langoni, anatega sikio. Aliniambia baadaye kwamba alisikia fimbo inarudi bila viatu vya baba, akaogopa. Papa Benoît alipofika anahema, alimkuta Naomie darasani, vidole juu ya kitabu.

"Papa, umechelewa," Naomie akasema.

Jioni wakapita tena mbele ya meza yangu. Baba alikuwa anatafuta gari la Banalia, begi begani bado tupu. Naomie alitangulia na fimbo yake, na baba, macho wazi kabisa, alikuwa amemshika bega.