Binti yangu kanichora kwenye anime yake, na kila nikitoka wananisindikiza

Wakuu, heshima kwenu mlio ndani na mlio nje ya mipaka.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa Kigali, Kinyinya, wiki mbili zilizopita. Sijaongeza kitu. Ningekuwa mtu wa kuongeza ningeongeza mahali ambapo na mimi ningeelewa, maana mpaka sasa kuna sehemu sizielewi.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, arobaini nimeshaivuka. Nilizaliwa Karagwe, wazazi walikuwa wakimbizi, nikasoma huko hadi form four, kisha tukarudi Rwanda.

Wazazi walirudi. Miguu yangu sina uhakika.

Nimechomelea Kahama, Kampala, Goma, Lubumbashi. Nikiwa Goma naikumbuka Kahama. Nikiwa Kahama nawakumbuka senene wa Karagwe. Nikiwa nyumbani naikumbuka barabara. Ndivyo nilivyo, msinihukumu mapema.

Nina mke, Consolée, na binti mmoja, Keza, ana miaka kumi na sita. Nyumbani huja mara tatu, nne kwa mwaka, nakaa siku nne au tano, naondoka. Safari hii nilifika Alhamisi. Jumatatu asubuhi nilitakiwa kupanda basi la kurudi Kahama, kuna jamaa alikuwa ananisubiri na kazi ya milango ya ghala.

Nyumbani kwetu tunaongea Kinyarwanda, kwa hiyo maneno yao nitayaweka kwa Kiswahili.

Tuendelee.

Ijumaa mvua ilinyesha, nikakaa sebuleni. Keza alikuwa kwenye kochi anaangalia simu na kucheka peke yake. Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema anime, zile katuni za Kijapani. Nikasogea.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye mabanda ya video. Hapa Kigali tuna filamu zinazoitwa agasobanuye, yaani jamaa anakutafsiria huku picha inaenda, na anatia na maneno yake. Kule nilijifunza kwamba kuna steringi, na kuna adui. Ukishawajua hao wawili unaweza kutulia.

Sasa hiki cha Keza, familia ya Kijapani inatafuta mfuniko wa sufuria.

Dakika tatu nzima wanatafuta mfuniko. Mama anamlaumu mtoto, mtoto anamlaumu bibi, bibi anajifanya hasikii. Mwisho mfuniko unaonekana juu ya ndoo ya maji. Wanakula. Imeisha.

Nikamuuliza, "Steringi ni nani hapo?"

"Wote, Papa."

"Na adui?"

"Hakuna adui. Ni watu wa nyumba moja tu."

Akaniwekea nyingine, bomba la jikoni linavuja na baba na mama wamenuniana. Nyingine, nani kamaliza mchele bila kusema. Nilikuwa nasubiri adui atokee nyuma ya kabati. Hakutokea. Nikamwambia hizi si story, haya ni mambo ya kila nyumba. Akasema ndiyo maana anazipenda.

Nikasema kwetu mambo hayo hayapo, namshukuru Mungu. Keza akarudisha macho kwenye simu.

Baadaye kidogo akaniambia na yeye huchora zake, kwenye app ya simu, vipande vya dakika mbili mbili. Wenzake wa shule huvingojea kila wiki. Nikamwomba anionyeshe. Akasitasita sana, akanipa simu, akaenda jikoni.

Wakuu, mtoto anachora. Sisemi kwa sababu ni wangu. Aliichora nyumba yetu na geti letu la bluu, na mama mwenye macho makubwa kama sahani ambaye hata kwa macho hayo nilimtambua kuwa Consolée.

Episode ya kwanza, mama na binti wanagombania parachichi. Ya pili, gesi imeisha maharage yakiwa nusu, na kila mmoja anasema ilikuwa zamu ya mwenzake kukumbuka. Nilicheka.

Ya tatu ikanishika. Wamo katikati ya ugomvi wa nani kaacha nguo kwenye mvua. Simu inalia. Baba yuko kwenye kona, anakuja! Ugomvi unakatwa pale pale. Mama anaficha beseni lililokuwa linakinga maji ya paa. Vikombe vya maua vinatolewa kabatini. Binti anakimbia kufungua geti.

Baba anaingia na begi begani. Anakula, begi lipo begani. Anaangalia taarifa ya habari, begi lipo begani. Nilidhani mtoto bado hajajua kuchora mabega.

Mwisho baba anaondoka. Mama na binti wanamsindikiza hadi barabarani, mama kabeba mfuko wa chakula cha njiani, wanapunga mikono mpaka basi linapotea. Kisha wanageuka, wanarudi, na kabla hawajafika getini mama anasema, "Sasa tuambiane, nguo zile aliziacha nani?"

Imeisha.

Nilifurahi jamani. Nilifurahi kwamba nimo. Na kile cha kusindikiza kilinigusa, maana ni kweli, miaka yote sijawahi kutoka nyumba ile peke yangu. Hata iwe asubuhi ya baridi, Consolée atajifunga kitenge, Keza atachukua begi dogo, tutapanda wote hadi lami. Kwa Wanyarwanda kusindikiza ni heshima kubwa. Nikiwa Lubumbashi picha ya wale wawili wakipunga mikono ndiyo niliyokuwa nalala nayo.

Kesho yake, Jumamosi, nilimwomba Keza simu, nikaenda nayo kwa jirani yetu Sefu; Keza akanifungulia geti, akanifikisha hadi kwake, akarudi.

Sefu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwetu. Asili yao ni pwani, babu yake alifika huku na biashara, kwa hiyo na yeye Kiswahili tunakitafuna vizuri. Nikamwekea ile ya tatu. Akaangalia na pini mdomoni hadi mwisho, akaomba arudie.

"Mtoto ana mkono," akasema. "Lakini wewe umeielewa?"

Nikamwambia nimeelewa, wananipenda.

Akatoa pini mdomoni moja moja. "Mama Keza akienda sokoni unamsindikiza?"

"Hapana."

"Keza akienda shule?"

"Hapana, ya nini?"

"Mimi asubuhi mke wangu ananifukuza na maneno, huku anafagia nilipokanyaga. Sasa bwana, kwenye nyumba, anayesindikizwa ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Njiani kurudi nilijaribu kubishana naye kichwani. Nikafika kwetu na hoja mkononi, nikataka kupiga simu nifunguliwe kama kawaida. Ndipo nikajiuliza, kwa nini napiga simu kwenye geti langu?

Nikalisukuma mwenyewe.

Likanilalia begani.

Bawaba ya chini ilikuwa imekatika. Geti lilikuwa limeshikwa na waya wa kufungia nondo, umezungushwa vizuri sana, kwa uvumilivu, na waya wenyewe ulishapata kutu. Maana yake haikuwa jana wala juzi.

Wakuu, mimi ni fundi wa mageti. Nimetengeneza mageti nchi nne. Na sikujua geti langu limevunjika, kwa sababu kila nikija kuna mtu anakimbia kunifungulia na kulishika kwa mkono nipite. Nilikuwa nadhani ni adabu tu.

Niliingia nikamuuliza Consolée, alikuwa anachambua dodo, yaani mchicha wa huku, geti limevunjika lini. Akasema mvua za mwaka juzi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi kazi yangu ni nini?

Akasema, tena kwa upole, na upole ndio uliniumiza, "Unakuja siku nne. Nani anampa mgeni kazi?"

Mimi nikasubiri alirudishe lile neno, aseme alimaanisha kitu kingine. Hakulirudisha. Akaendelea na dodo zake.

Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba. Sikujua nimkasirikie nani. Wao? Wamenitunza kama yai. Sefu? Kauliza tu. Mimi mwenyewe? Nilikuwa kazini, si ulevini. Nikaangalia juu nikaona na paa kweli lina kiraka cha nailoni. Nikajiuliza, nyumba hii ina mangapi ambayo hufichwa kila simu yangu ikilia kwenye kona?

Keza alikuja akasimama mlangoni. Nikamuuliza kama alinichora vile kunisema.

"Hapana, Papa. Nilichora ninavyoona. Ningekuwa nakusema ningekupa mapembe."

Nikamuuliza na lile begi.

"Sijawahi kukuona ukilifungua likabaki tupu," akasema.

Na kweli, hata dakika ile mswaki wangu ulikuwa ndani ya begi.

Jumapili wao wakaenda kanisani. Mimi nikajifanya tumbo linanisumbua. Kinyinya hapa ujenzi hauishi, nikamfuata fundi mmoja ninayemfahamu, akaniazima mashine ya kuchomelea. Niliamua warudi wakute geti jipya. Nilitaka kuonyesha kwamba mwenye nyumba yupo.

Nikang'oa bawaba zote mbili. Nikachomelea mpya. Nikazipima wapi? Kwenye alama nilizoweka mimi mwenyewe siku nilipolifunga geti lile, Keza akiwa hajaanza shule. Alama bado zilikuwepo kwenye nguzo, nikajisifu kwa kuzikumbuka. Geti nikalishusha lilipokuwa zamani, nikalifunga kwa ndani, nikasimama pembeni nimejifuta jasho.

Nilichosahau, au niseme nilichokuwa sijui, ni kwamba uani palishawekwa sementi. Mke wangu alimwaga sementi nzima ile nikiwa sipo, na mimi nilikuwa nimeikanyaga mara ngapi bila kuiona. Nilipima ua wa kwenye kumbukumbu zangu. Na zile bawaba mbili mafundi wa sementi walikuwa wamezipandisha juu ya alama zangu, ndiyo maana geti lilikuwa linapita.

Wamerudi kutoka kanisani. Keza kasukuma. Wapi. Mimi navuta ndani, wao wanasukuma nje, chuma kimekwama kwenye sementi kama kimezaliwa hapo.

Mnajua watu wa Kigali. Hatupigi kelele. Mtu anaweza kukasirika mwaka mzima jirani asijue. Lakini Consolée alikuwa na viatu vya kanisani, jua la saa saba, na Biblia mkononi.

"Wewe mwanamume," akasema kutoka nje, na sauti ilikuwa inapanda kila neno, "geti lilikuwa linafunguka na waya wangu! Miaka miwili linafunguka! Umekuja siku tatu umetufungia nje!"

Nikamwambia angeniambia kuhusu sementi. Akasema sementi haisemwi, inaonekana. Nikamwambia alinificha hata paa. Akasema paa liko juu, kwani shingo yangu imechomelewa? Nikasikia Keza anacheka huko nje, tena kicheko cha kushika tumbo. Sefu akatoka kibandani, akaona, akarudi ndani haraka kama mtu aliyekuta watu wanaoga.

Tuligombana kupitia geti mpaka nikaruka ukuta kuwafuata na kuwaomba radhi, kisha nikarudi ndani kwa ukuta ule ule kukata bawaba. Walipoingia Consolée hakunitengea kikombe cha maua. Aliniambia chakula kiko jikoni, jipakulie.

Sijui niwaeleze vipi, lakini nilikula nimesimama jikoni, nimetukanwa mbele ya mtaa, na nilijisikia vizuri kuliko mara zote nilizowahi kufika pale.

Jumatatu basi liliondoka bila mimi, geti lilikuwa limelala chini uani. Yule jamaa wa Kahama nilimwambia nina kazi ya geti huku. Akauliza la nani. Nikalitazama kwanza, ndipo nikasema langu.

Jumanne nikalimaliza. Jumatano nikapanda juu ya paa.

Alhamisi Consolée akaniambia bila kuinua macho, chumvi imeisha, nenda dukani, na usikae huko kupiga story na Sefu.

Nikavaa viatu. Nikafika getini nikasimama. Sijui nilisimama muda gani.

Keza akachungulia dirishani. "Papa, umesahau nini?"

"Hakuna," nikasema.

Nilikuwa namsubiri mtu anisindikize. Hakuna aliyekuja. Nikafungua mwenyewe, nikaenda.

Wakuu, nilichojifunza, kama kweli nimejifunza: ukiona nyumba yako haina matatizo, uliza kama matatizo yanafichwa wewe ukifika. Na ukiona wanakutendea vizuri sana, chunguza.

Lakini siwadanganyi kwamba nimetulia. Begi lipo chini ya kitanda, nimetoa mswaki na shati mbili tu. Jamaa wa Kahama kapiga tena jana. Barabara naisikia. Keza nimemuuliza kama atachora ile ya geti, akasema ataona kwanza mwisho wa mwezi kama baba bado yupo, asije akaanza story asiyojua inaishaje.

Na mimi sijui. Ninyi wenye kazi za mbali, mkifika kwenu mnafunguliwa geti au mnafungua wenyewe? Na mnaporudi barabarani, nani anabaki nyuma akiuliza nani aliacha nguo kwenye mvua? Semeni ukweli hapo chini, hata wa kuniumiza, nitasoma wote.

Chumvi niliifikisha. Nikaambiwa nimechelewa.