Watoto Ishirini na Tisa wa Kibabi

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimwambia mke wangu kwamba nimetajwa na watu mia mbili na kumi na wanne duniani.

Akaacha kusonga bugali. "Élie, umefanya nini?"

Msimcheke. Huku Masisi kwenye vita, mtu akitajwa na wengi hivyo anafunga mizigo akimbie.

Nikamweleza polepole. Mimi ni mwalimu wa chuo, nafundisha saikolojia ya watoto na filozofia. Maishani nimeandika makala mbili tu za maana. Mtafiti mwingine akizitaja kwenye kazi yake, mtandao unaniongezea moja. Sasa imefika 214.

Sawa, tisa kati ya hizo ni mimi mwenyewe nikijitaja. Nani asiyejipenda?

Kwa hesabu hiyo doyen, mkuu wa kitivo chetu, alikuwa ananipendekeza kuwa profesa. Nimelisubiri neno hilo mbele ya jina langu tangu nioe. Suti ilikuwa tayari kwa fundi!

Utafiti wenyewe niliufanya Kibabi miaka kumi na mitatu iliyopita, jikoni kwa mama mmoja mkulima, Nyiransengimana. Watoto thelathini wa miaka mitatu walipanga foleni nje, nikawaita mmoja mmoja.

Swali lilikuwa hili: Fifi anaweka kiazi ndani ya kikapu, anaenda kuchota maji. Huku nyuma Nicole anakihamishia kwenye sufuria. Fifi akirudi, atakitafuta wapi?

Vitabu vinasema mtoto wa umri huo hujibu "sufuria", maana hajui kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo ambalo si kweli. Wangu walisema "kikapu". Ishirini na tisa kati ya ishirini na tisa!

Ndiyo, walikuwa thelathini. Yule wa kwanza alisema "sufuria". Nikamtoa kwenye hesabu kwa sababu alikuwa na mafua.

Wataalamu wa ng'ambo wakachanganyikiwa. Wanafilozofia nao wakaingia: je, mtoto wa Kibabi anaujua uongo mapema kuliko wengine? Nami nikawajibu kwa makala ya pili, kurasa arobaini, bila aibu.

Sasa kamati ya cheo ikakuta kasoro moja. Kwenye daftari la wazazi waliotoa ruhusa, alama ya kidole ya Nyiransengimana ilikuwa imelowa mvua, haionekani. Nikapanda pikipiki kwenda kuichukua upya.

Nilimkuta anamenya viazi na binti yake Sidonie, ambaye siku ile alikuwa wa pili kwenye foleni. Sasa ana miaka kumi na sita.

"Karibu, Papa Élie!" mama akasema. "Safari hii unataka batoto baseme nini?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

"Mama, unamaanisha nini?"

"Eh, si ile ya kikapu? Mutoto wa kwanza alisema sufuria, weye ukakunja sura sawa muntu mwenye anakunywa dawa. Sidonie akaona pale mulangoni. Akaingia, akasema kikapu, ukacheka, ukaandika sana. Akatoka kuambia benzake: Papa anapenda kikapu."

"Miye sikumbuki," Sidonie akasema, amejificha uso kwa mikono. "Mama njo anasimuliaka kila Noeli."

"Na wewe mama ulijua? Mbona hukuniambia?"

Akanishangaa kweli. "Papa, ulitoka mbali, mvua ilikukamata. Tungekuacha urudie mikono mitupu?"

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Walinipa majibu kama wanavyompa mgeni yeyote viazi vya kubeba. Nami nikayabeba mpaka kwenye majarida ya Ulaya.

Kidole akaniwekea, bila kuuliza karatasi inasema nini. Viazi pia akanifungia.

Nikiwa njiani ndipo liliponijia. Mtoto wa miaka mitatu alinitazama usoni, akajua ninachotamani kuamini, akajua si kweli, akawapanga wenzake ishirini na wanane wanipe. Yaani nilichoandika kilikuwa na ukweli ndani yake! Ila aliyedanganyika hakuwa Fifi. Alikuwa mimi.

Nilimsimulia doyen. Akafunga mlango.

"Élie, nani anaijua hiyo story?"

"Kibabi nzima, kila Noeli."

"Kibabi haisomaki majarida. Leta dossier, nyamaza."

Nilikaa na lile faili siku tano. Nilijaribu suti mara mbili, na ilinikaa vizuri, Mungu anisamehe. Siku ya sita nikayaandikia majarida yote mawili kuzikana makala zangu, nikamwambia doyen siombi tena cheo, nikatoa makala ya tatu: jinsi nilivyowafundisha watoto jibu kwa kukunja sura. Mafua nayo nikayaandika humo.

Sijawa profesa. Suti nimeivaa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani.

Jana nimechungulia mtandaoni. Zile makala mbili nilizozikana sasa zimetajwa mara 231. Hii ya kweli imetajwa mara moja.

Ni mimi mwenyewe.

Kama una mtoto nyumbani na unataka kumuuliza jambo, angalia kwanza uso wako. Yeye ameshauangalia.