Kibao cha Safari za Boti ya Kibuye

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya hamsini, Bwana Mkuu wa gati la Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, alinipa rula, chupa ya wino na kibao cheupe. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, mwenye haya nyingi. Mambo niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari, na leo nayatoa humo.

"Karani," akasema, "watu wanakosa boti, halafu wananipigia kelele mimi. Chora ratiba, hata mutu asiyejua kusoma aielewe. Bon, sawa?"

Ratiba, vijana wangu, ilikuwa kazi ya mistari. Nilichora visanduku saba, siku saba za juma, Jumamosi kushoto hadi Ijumaa kulia. Boti ya Kibuye iliondoka Jumatatu, basi kwenye kisanduku cha tatu nikachora boti yenye moshi. Sikuweka herufi hata moja. Bwana Mkuu akafurahi, nami nikajiona fundi.

Jumatano asubuhi akafika Mama Mwajuma, mshonaji wa mjini, na furushi la nguo za mtoto. Binti yake aliyeolewa Kibuye alikuwa karibu kujifungua mimba ya kwanza, na Mama alikuwa amemwahidi kuwa kando yake.

"Boti iko wapi, karani?"

"Imeenda tangu juzi, Mama. Ingine ni Jumatatu."

"We! Kibao yako inasema ni leo."

Baharia mmoja akacheka. "Mama, ingia tu ndani ya maji, utaifikia!"

"Funga kinywa, muvivu we!" Kisha akaweka kidole kwenye kibao, akahesabu kwa sauti: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu... Alianzia upande wa kulia. Kidole kikaenda kushoto, kikaifikia boti siku ya tano.

Ndipo nikaelewa. Mama alisomea chuo cha Kurani, ambako jicho hutoka kulia kwenda kushoto, na wafanyabiashara wengi wa mji walisoma kama yeye. Mimi nilidhani jicho la kila mtu linatembea kama langu.

Nikamwambia Bwana Mkuu kosa ni langu. "Na lori haliwezi kumpeleka?" akauliza. Mvua ilikuwa imekata barabara. Akatikisa kichwa. "Donc, basi, rekebisha kabla mwingine hajapotea."

Nikamwomba Mama aketi nami. Tukachora duara, kama sinia iliyogawanywa vipande saba: msikiti kwa Ijumaa, kanisa kwa Jumapili, boti kwa Jumatatu, na msumari mwekundu ambao ningeuhamisha kila asubuhi kuonyesha leo.

"Ukishapita kanisa, boti," Mama akasema. "Sasa hata muvuvi wa kule Nengo, asiyesoma popote, ataona."

Jumatatu akapanda. Aliporudi, alinipitia ofisini. Mjukuu alizaliwa Alhamisi, kabla hajafika.

"Binti yangu alikuwa ananiita, karani. Lakini mutoto ni muzima, Mungu asifiwe." Akanishika bega, akaenda zake. Radhi sikumwomba; nilifungua daftari, nikaiandika humo.

Baadaye nilihamishiwa vituo vya mabasi, kisha hospitali, chini ya wakubwa wengi. Sikutundika kibao tena kabla ya kumwita mtu aliyesoma tofauti nami, anionyeshe kwa kidole anachokiona.

Nilipostaafu, Bwana Mganga Mkuu alisimama akaisifu mistari yangu iliyonyooka. Watu wakapiga makofi. Nilitazama chini, nikimfikiria binti aliyekuwa akimwita mama yake, na mama amesimama gatini mbele ya mistari hiyo iliyonyooka.