Mkono Uliotutoboa Masikio

Mwezi uliopita nilimwonyesha daktari wa ngozi upele ulionisumbua chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa. Akauangalia, kisha akauliza nisichokitegemea: "Ulipoanza kuvaa hereni utotoni, masikio yalikusumbua?" Rafiki yangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe sikioni.

Yalinisumbua, tena sana. Nilikuwa darasa la tatu, naishi na bibi yangu Mlabani, hapa Ifakara. Nyumba ya pili alikaa jirani, mke wa mkata miwa, watu wa kuja, na kila msichana wa mtaa ule alitobolewa masikio na yeye. Alichemsha sindano kwenye kisufuria cha chai, akakupaka mafuta ya nazi, akakupigia stori za kuku wake watukutu, na kabla hujakumbuka kulia, uzi umeshapita. Uzi ukitolewa, tundu liliwekewa njiti ya ufagio. Akina mama walisema ana mkono mzuri, wakamletea watoto hata kutoka Lumemo. Shukrani yake ilikuwa kibaba cha mchele mpya, ule ukipikwa unanukia mpaka barabarani.

Yangu yalipona vizuri kabisa. Komunio ya kwanza ilipokaribia, jirani akaninunulia hereni za kung'aa mnadani. Nilizipenda kuliko gauni lenyewe. Shuleni mwalimu hakutaka hereni, hivyo Jumatatu hadi Ijumaa nilibaki na njiti. Jumamosi jirani alinisuka kwa ajili ya misa, akimaliza tu nazivaa. Jumapili, padri akiwa kwenye mahubiri, masikio yanawasha, yanavimba, yanatoa maji. Katikati ya wiki yanakauka.

Bibi hakuwa mjinga. Alihesabu siku, akaona masikio yanaharibika kila jirani akinishika kichwa. "Mkono wake umegeuka," akasema. Hereni hakuzishuku hata kidogo. Zilikuwa zinang'aa, zawadi, zitadhuru nini?

Lakini mimi nilijua. Jumamosi moja bibi alikuwa shambani, analala huko wiki nzima anawinga ndege kwenye mpunga. Jirani alinisuka kama kawaida, ila hereni sikuziona, nikaenda misa bila hizo. Masikio hayakuwasha kabisa. Jioni nikazikuta chini ya kitanda, nikafunga mdomo. Ningesema, zingetupwa, na Komunio ilikuwa bado wiki mbili.

Bibi aliporudi akaongea: kisimani, jumuiyani, kwenye mashine ya kukoboa. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Akina mama wakaacha kuleta watoto. Hata msibani jirani alinyimwa mwiko, akakaa pembeni na wageni, yeye aliyewahi kutushika sote. Mwisho wakahamia Viwanja Sitini, na mimi nilisimama mlangoni nikawatazama wakipakia godoro kwenye mkokoteni, hereni masikioni.

Daktari alinieleza kwa upole. Ni mzio wa nikeli, madini yanayochanganywa kwenye hereni za bei rahisi, vifungo na mikanda. Nivae dhahabu halisi au titani. Dawa ya kuuondoa haipo, nitazeeka nao. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa namfikiria bibi, aliyeingia kaburini na hesabu yake ya Jumamosi. Siku hizi wasichana wanatobolewa saluni kwa bunduki ya kutobolea, hereni ya kung'aa inaingia palepale kwenye kidonda. Njiti ya ufagio ukiwatajia wanacheka.

Nilimkuta jirani Viwanja Sitini, mzee sasa, anachambua mchele kwenye ungo. Nilikuwa na binti yangu wa miaka mitano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwambia yote. Nikeli, hereni, Jumapili ile, mdomo nilioufunga. Nikalia mbele yake bila aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kama unavyomkubalia mgeni ili safari yake isiwe ya bure.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Kosa la mtoto halishikwi. Na daktari amesoma, simbishii. Lakini nimeishi na mkono huu miaka yote hii. Wajukuu zangu mwenyewe sijawasuka."

Binti yangu, asiyejua lolote, akamsogelea kumwonyesha nywele zake. Yule mama akaacha ungo, akaficha mikono yote miwili ndani ya khanga.

"Mwite mtoto wako," aliniambia taratibu. "Asije akanigusa."