Gari-Nyumba la Nguba

Kwa miaka mingi nimelala vitanda vya watu wengine, na karibu vyote nimevichukia. Kazi yangu ni kupima macho na kuuza miwani ya kusomea. Naifanyia vijijini siku za soko: wiki hii Walungu, wiki ijayo Miti, na kwingine barabara inaporuhusu. Wateja wangu ni wakulima, na wanataka kupimwa alfajiri kabla ya kwenda shamba, kwa hiyo lazima niwe nimelala hukohuko. Kulala hukohuko maana yake ni chumba cha wageni chenye kunguni, godoro lililochorwa ramani za mikojo, na beseni lenye nywele za aliyenitangulia. Asubuhi moja kule Walungu nilivaa kiatu nikahisi kitu kinanata. Kilikuwa kipande cha bendeji chenye usaha wa mtu. Nilitapika nyuma ya jiko la wenyewe, nikarudi nyumbani Bukavu nikiwa nimeamua kwamba kuanzia sasa nitatembea na kitanda changu.

Marehemu mume wangu aliniachia kamionete, gari dogo la mizigo aliyokuwa akibebea maharagwe. Seremala mmoja wa Kadutu alisema anaweza kuijengea kibanda cha mbao na bati jepesi, chenye kitanda, dirisha na kabati la lensi, kikakaa mgongoni mwa gari. Nikifika sokoni kingeteremshwa na kusimama kwa miguu yake minne ya chuma, na kamionete ingebaki huru kwa safari nyingine. Nilipenda wazo hilo. Kaka yangu mkubwa hakulipenda hata kidogo.

"Utalala kama kuku mu kitunga," aliniambia. "Uza ile kamionete. Kule Nguba kuko gari-nyumba ya bazungu. Kila kitu iko ndani, kitanda, jiko, choo. Utanishukuru."

Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Baba alipofariki ni yeye aliyenisomesha, na maisha yangu yote nimemsikiliza. Lakini mara hii alinichosha. Alikuja asubuhi kabla sijanywa chai, akarudi jioni na maneno yaleyale. Nilishangaa, maana yeye ni mwalimu wa sekondari, anatembea kwa miguu, na sijawahi kumsikia akisifu gari la mtu yeyote. Nilipomwambia kwamba gari-nyumba liko chini mno, litakwama kwenye matope ya Walungu, alisema madereva wanaojua wapo. Nilipomwambia kwamba likiharibika nitakuwa nimepoteza gari na nyumba siku moja, alikasirika. Mwishoni nilikubali kwenda kuliona, ili tu anipumzishe.

Mwenye kuliuza nilimfahamu. Alikuwa papa mmoja, kama tunavyowaita wanaume wa makamo na wazee, wa parokia yetu, mtu nadhifu anayesoma somo la kwanza Jumapili. Wageni wawili waliokuwa wakizunguka Afrika waliharibikiwa na gia wakiwa hapa mjini, wakachoka, wakaruka na ndege kurudi kwao, wakamwachia gari. Gia zilikuwa zimeshatengenezwa. Gari lilisimama chini ya mparachichi katika parsele yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, jeupe, limeoshwa, mapazia yamefungwa.

"Tangu benyewe baliendaka, hakuna mutu alilala humu, maman," aliniambia akifungua mlango. "Iko kama mupya."

Harufu ilinipokea mlangoni. Juu kulikuwa na manukato, yamepulizwa asubuhi ileile, matamu ya kuumiza meno. Chini yake kulikuwa na jasho, na chini ya jasho kulikuwa na kitu kingine ambacho pua ilikikataa kabla akili haijakipa jina. Nilifungua kimlango cha choo. Lile pipa dogo la chini ya kiti halikuwa limemwagwa, sijui tangu lini. Lilikuwa limejaa hadi kwenye mdomo, limefunga utandu wa kijani, na juu ya utandu mabuu yalikuwa yakijinyonganyonga. Nilifunga haraka, nikaziba pua kwa kilemba.

"Ile ni ya kusafisha tu," alisema yaya nyuma yangu. "Angalia kitanda."

Kitanda kilikuwa mwisho wa gari, gizani. Nilipapasa ukutani kutafuta taa, sikuona swichi. Yaya akapitisha mkono juu ya bega langu, akauingiza nyuma ya pazia, chini ya rafu, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona, na taa ndogo ikawaka. Hakupapasa. Mkono wake ulikwenda pale kama unavyokwenda kwenye swichi ya nyumbani.

Kisha nikaliona godoro. Sitalieleza lote. Lilikuwa na madoa juu ya madoa, yaliyokauka na mengine bado, na kati yake na ukuta kulikuwa na fundo la nywele za bandia na karatasi za kondomu zilizochanwa, nyingi. Yule papa alikohoa.

"Yaya," nilisema, "umejua je fasi swichi iko?"

Alimtazama yule papa, na yule papa akageuka kuangalia ziwa lililoonekana kupitia mlango. Nikajua.

Nilitoka bila kuaga. Yaya alinifuata hadi barabarani, na pale kwenye kona, watu wakipita na mizigo yao, alinieleza. Gari lile lilikuwa likikodishwa kwa saa. Yeye alikuwa akienda na mwalimu mwenzake. Sasa yule papa alitaka kuliondoa kabla majirani hawajaanza kusema, na alikuwa amemwambia: niletee dada yako alinunue, nami nitanyamaza kwa bibi yako.

"Mara ngapi?" niliuliza.

"Sikuhesabu."

"Na ulitaka miye nilale pale."

Akainamisha kichwa. "Ungeweka matela ingine," alisema, yaani godoro lingine.

Nimesikia mengi kwa ndugu zangu, lakini neno hilo lilinikaa mwilini kuliko mabuu. Nilimwambia amweleze mke wake mwenyewe, kabla ya papa yule kumweleza, na kwamba kama hangefanya hivyo hadi Jumapili ningekwenda mimi. Alimweleza, kwa namna yake, akisema ilikuwa mara moja tu.

Wifi yangu alikuja kwangu kesho yake. Hakulia. Aliketi jikoni, akaweka mikono juu ya meza, akauliza, "Mule mu gari mulikuwa munanuka?"

Nilisema ndiyo.

"Manukato fulani ya sukari, na chini yake kitu kama choo?"

Nilisema ndiyo.

"Basi ni ile. Nilikuwa namufulia mashati, naweka sabuni mara mbili, nasema ni jasho ya shule."

Alikwenda bombani kwangu akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata alihamia na watoto kwa mama yake, na hajarudi.

Seremala alinijengea kibanda. Si kizuri. Gundi ilinuka wiki nyingi, kwenye kona kinayumba hadi nashika usukani kwa nguvu, na bati likipigwa na mvua sisikii simu. Lakini shuka ni zangu, nazifua mimi, na beseni hakuna mwingine anayelitumia. Yule papa bado anasoma Jumapili, kwa sauti yake ileile iliyotulia. Mimi nimehamia misa ya parokia nyingine, kwa sababu nikimwona analamba kidole kufungua ukurasa, kifungua kinywa kinanipanda kooni.

Mwaka huu, siku ya soko la Miti, yaya alijipanga kwenye foleni yangu kama mteja. Amekonda. Alisema hasomi tena daftari za wanafunzi bila kichwa kuuma. Kupima macho ni kazi ya karibu. Lazima umshike mtu kidevu, umsogelee, pumzi yake ikupige usoni. Nilimwambia akae. Nilijaribu. Vidole vyangu vilipogusa ngozi yake vilirudi vyenyewe.

"Fanya tu, dada," alisema polepole. "Miye ni yaya wako."

Nilimwandikia kwenye karatasi jina la mpimaji mwingine kule mjini, nikaiweka kwenye ukingo wa meza aichukue mwenyewe, nikamwita mama aliyekuwa nyuma yake.