Chuma Kilichotoka Kwenye Usukani

Kabla madereva hawajambandika jina la Mama Usukani, alikuwa mshona mapazia tu, mwenye kibanda nyuma ya benki na mdomo usiokosa neno. Akikuta dirisha limekaa upande, humwambia mwenye nyumba, "Fundi wako siku hiyo alikuwa amegombana na mkewe."

Mdogo wake alikuwa mkunga. Jumamosi moja asubuhi alitoka na mumewe kwenda kununua godoro, yeye mkunga ndiye anayeendesha. Karibu na lango la soko aligonga mkokoteni wa viazi, kwa mwendo wa kinyonga. Mkokoteni haukuvunjika hata ubao. Lakini watu walipofungua mlango walimkuta ameinama, shingo imechanwa, na mumewe kando yake analia, mikono imelowa damu.

"Ajali gani hii inayochinja mtu?" askari aliuliza. Mume akatiwa pingu palepale.

Mshona mapazia aliamini. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaambia ndugu zake. Akaenda kituoni, akamtemea shemeji yake mate usoni.

"Kama ulimchoka, si ungeturudishia mtu wetu?"

"Dada, usukani ulipasuka. Wallahi nakuapia."

"Usiniite dada."

Mkunga akazikwa, mumewe yuko rumande. Majibu ya daktari aliyeukagua mwili yalikuja baadaye. Aliita familia, akawaonyesha kipande cha chuma alichokitoa shingoni. Ndani ya usukani, aliwaeleza, kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, ili kumkinga dereva. Kinachoufumua ni kikopo chenye baruti. Cha gari lile kilikuwa kimeharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kikapasuka kama bomu.

Shemeji alipoachiwa, mshona mapazia alikuwa akimngoja nje. Alipiga magoti kwenye vumbi. "Shemeji, nisamehe." Yule bwana alimpita kama anayepita nguzo ya umeme.

Hapo akaenda kwenye yadi iliyouza lile gari. Meneja alimkaribisha kiti, akampa pole nyingi.

"Tatizo hilo linajulikana, mama. Yalikotengenezwa, magari ya aina hiyo yaliitwa yote yarudi kiwandani, yabadilishwe kikopo."

"Na huku?"

"Huku yanakuja yameshatumika, mengi hayajabadilishwa. Hakuna sheria inayotulazimisha kumwambia mnunuzi."

"Kwa hiyo mlijua."

Meneja akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Tangu siku hiyo kila alasiri alifunga kibanda, akasimama kwenye maegesho ya soko. Akiona gari la aina ile, anagonga kioo na kueleza. Wengine walipandisha vioo. Dereva mmoja wa teksi, mcheshi kama yeye mwenyewe, alimjibu, "Mama, kifo kina gari lake. Hili langu." Wakacheka wote wawili, maana lilichekesha.

Mwaka haukuisha, dereva yule akaparamia gari la mbele yake kwenye foleni. Mshona mapazia alikwenda msibani. Mjane alimkazia macho.

"Ni wewe uliyemwonya? Alikuja kunisimulia. Tulicheka mpaka machozi."

Mshona mapazia alikaa naye mkekani mpaka watu wakatawanyika.

Wakawa wawili, yeye na mjane, kisha wengi, wanaokwenda ofisi ya usalama wa magari na kuambiwa wavute subira. Hatimaye mkubwa wa ofisi aliitisha kikao cha hadhara. Mwakilishi wa waagizaji wa magari alisema ajali ni ajali. Ndipo mtu akasimama nyuma ya ukumbi: shemeji.

"Nilifungwa kwa kumuua mke wangu," alisema. "Sikumfukia hata kwa konzi moja ya udongo. Ninyi mliojua, nani aliwafunga?"

Kanuni ilipitishwa: kila gari lililotumika likaguliwe kabla ya kuingia nchini. Kuhusu maelfu yaliyokwisha kuingia, iliandikwa kwamba wenyewe "wanashauriwa" kuyapeleka yakakaguliwe.

Nje, mshona mapazia alimfuata shemeji yake. "Ahsante kwa kuja."

"Sikuja kwa ajili yako."

"Najua, shemeji."

Shemeji akaenda zake kwa miguu. Gari hakupanda tena. Mshona mapazia akashika njia ya sokoni. Maegesho yalikuwa yamejaa, na kwa kuyatazama tu aliyatambua kadhaa ya aina ile. La kwanza lilikuwa na mama kijana akimfunga mtoto mkanda. Akagonga kioo.

Kioo hakikushuka.